Kubadili waya wa hedifoni zilizofungwa: wapi sauti inabadilika kweli

Hedifoni zilizofungwa ni zile ambazo kikombe chake hakina matundu upande wa nje. Spika ndogo inapiga kuelekea sikio, na mgongoni mwake kuna chumba kidogo cha hewa kilichozibwa. Ndizo zinazobebwa zaidi safarini, kwa sababu zinazuia kelele za nje na hazimwagii jirani muziki. Mwenye nazo akitaka sauti bora, kitu cha kwanza anachouziwa ni waya: wa shaba isiyo na oksijeni, wa fedha, uliosukwa nyuzi nane, na bei yake wakati mwingine inapita ya hedifoni zenyewe. Waya una kazi yake, na zipo hali ambazo kuubadilisha kunaleta tofauti inayosikika na kila mtu. Ila hali hizo si zile zinazotajwa kwenye tangazo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza sehemu kubwa ya ubishi. Waya wa kawaida wa hedifoni za kubeba una urefu wa mita 1.2. Ukiwa wa geji 28, yaani kipenyo cha milimita 0.32 hivi, kila mita ina ukinzani wa omu 0.21. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia nzima ni takribani omu 0.5. Hedifoni nyingi za kubeba zina impidansi, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, kati ya omu 16 na 80; tuchukue 32. Omu nusu ikipangwa mfululizo na omu 32, sauti inashuka kwa desibeli 0.14. Hata sikio kali haliwezi kuitambua hiyo, na lingeitambua dawa yake ingekuwa kupandisha sauti kidogo tu. Weka waya mnene wa geji 24: ukinzani wa njia nzima unakuwa omu 0.2, na umeokoa desibeli 0.08.

Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa takribani asilimia 6. Faida hiyo yote unaipata kwa kuchukua waya wa shaba ambao kipenyo chake kimezidi kwa asilimia 3. Inasemwa kwamba fedha hung'arisha sauti za juu na shaba huipa sauti joto; ajabu ni kwamba sifa hizo zinalingana mno na rangi za metali zenyewe. Na ile hoja kwamba masafa ya juu hukimbilia ngozi ya waya? Kwenye hezi 20,000 umeme unapenya ndani ya shaba hadi milimita 0.46, na waya wetu wote una kipenyo cha milimita 0.32. Hakuna ngozi ya kukimbilia. Uwezo wa waya kuhifadhi chaji nao, wa pikofaradi mia chache, ukiwekwa mbele ya omu 32 unaanza kukata sauti kwenye mamilioni ya hezi, mbali kabisa na mwisho wa usikivu wa binadamu.

Kuna omu nyingine ambazo watu huzisahau, nazo ziko kwenye kifaa kinachopiga muziki. Kila tundu la hedifoni lina impidansi yake ya kutoa, na baadhi ya kompyuta, mikisa na amplifaya za zamani zina omu 10 au hata zaidi ya 100. Impidansi ya hedifoni zenye kiwambo na koili ya kawaida haikai palepale. Inaweza kuwa omu 30 kwenye sauti za kati na kupanda hadi 90 kwenye besi, pale spika inapotikisika kwa urahisi zaidi. Ukizichomeka kwenye tundu la omu 10, sauti za kati zinapoteza desibeli 2.5 ilhali besi inapoteza 0.9 tu. Besi imevimba kwa desibeli 1.6 bila mtu kugusa ikwalaiza, na hiyo inasikika vizuri. Waya wa omu nusu kwenye hedifoni zilezile unaleta tofauti ya desibeli 0.1. Kwa hiyo kama sauti yako imevimba na kuzubaa, shuku kifaa kabla ya waya. Kanuni inayotumika ni kwamba impidansi ya kifaa isizidi sehemu moja ya nane ya impidansi ya hedifoni: kwa omu 32, kifaa kiwe na omu 4 au pungufu. Adapta ndogo za USB-C zenye DAC ndani, yaani kigeuzi cha dijitali kuwa umeme wa sauti, hata za bei ya chini, nyingi ziko chini ya hapo.

Mguso mbovu na ethi ya pamoja

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba waya mpya umewabadilishia sauti? Wengi wao hawadanganyi. Waya wa zamani ulikuwa umeharibika. Jeki iliyoshika kutu au uchafu inaweza kuongeza omu kadhaa, tena zisizotulia: leo mbili, kesho sita, na upande mmoja zaidi ya mwingine. Kabla ya kununua chochote, futa jeki na ingiza kijiti chembamba cha pamba kilicholowa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye tundu la kikombe, acha ikauke, kisha chomeka na kuchomoa mara kumi. Dhahabu inayopakwa kwenye jeki ina maana hapa tu: haishiki kutu. Haina sauti yake.

Kisha chukua multimita, kile kipimio cha umeme. Iweke kwenye omu, chomeka waya kwenye hedifoni, gusa ncha ya jeki na shina lake (sehemu iliyo karibu na gamba), halafu pete ya katikati na shina. Hedifoni za omu 32 zitasoma pungufu kidogo ya hapo, na pande mbili zisitofautiane zaidi ya omu moja au mbili. Utasikia spika ikilia "tik" kila unapogusa, na hivyo utajua ipi ni kushoto. Sasa kunjakunja waya karibu na jeki, karibu na kikombe, na pale unapogawanyika. Namba zikirukaruka, waya umechoka, na hapo kuubadilisha si anasa.

Katika jeki ya kawaida ya milimita 3.5, ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi, ya pande zote mbili. Hiyo ethi ya pamoja ndiyo mahali pekee ambapo mpangilio wa waya usio na hitilafu unaweza kuathiri sauti ya stirio. Waya wa ethi wenye omu 0.25 unafanya sauti ya kushoto ivujie kulia ikiwa chini kwa desibeli 42, tena ikiwa imegeuzwa kinyume. Santuri haifiki hata kutenganisha hivyo, kwa hiyo ni kidogo. Ila ethi ikikatika kabisa utashangaa: spika mbili zinajikuta zimefungwa mfululizo na unasikia tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Mwimbaji aliyewekwa katikati anatoweka, besi inakonda, kunabaki mwangwi na vyombo vya pembeni. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia programu ya simu. Kosa liko kwenye waya, mara nyingi ndani ya sentimita mbili tatu za mwanzo kutoka jeki.

Dalili hiyohiyo inatokea kwa sababu nyingine isiyo na uharibifu wowote. Jeki zenye maikrofoni zina sehemu nne, na ziko aina mbili: CTIA, ambayo ethi iko kwenye pete ya pili na maikrofoni kwenye shina, na OMTP ya zamani, ambayo imezipindua. Ukikuta mwimbaji ametoweka lakini anarudi ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maikrofoni, ujue waya ni wa aina moja na simu ni ya nyingine. Kitufe kile kinaunganisha maikrofoni na ethi, ndiyo maana.

Suluhisho linalopigiwa debe la ethi ya pamoja ni balansi, ambapo kila upande una waya wake wa kwenda na wa kurudi. Jeki yake ya kisasa ni ya milimita 4.4 yenye sehemu tano: kushoto chanya, kushoto hasi, kulia chanya, kulia hasi, halafu ethi kwenye shina. Kinachosikika watu wanapohamia balansi si waya. Tundu la balansi la vifaa vingi linatoa volti mara mbili ya tundu la kawaida, yaani desibeli 6 zaidi, na sauti iliyopanda siku zote huonekana bora. Kama hedifoni zako zina omu 250 na kifaa chako kinaishiwa nguvu, balansi ni msaada wa kweli. Kwa omu 32 zenye usikivu mkubwa, umenunua volti usizozitumia.

Hapa pana hatari inayoua vifaa. Adapta inayotoa tundu la balansi kwenda kwenye hedifoni za kawaida za jeki ya sehemu tatu inaunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia, na hizo ni matokeo ya amplifaya mbili tofauti. Ni shoti. Kifaa chenye ulinzi kitazima. Kisicho nao kitaungua. Kinyume chake, hedifoni zenye waya wa balansi kwenda tundu la kawaida, ni salama kabisa, kwa kuwa hasi mbili zinakutana kwenye ethi.

Tundu la kikombe ndilo linaloamua

Kabla ya kuagiza waya, angalia unavyoingia kwenye hedifoni. ATH-M50x, hedifoni ya Audio-Technica, ina tundu moja upande wa kushoto, la milimita 2.5 linalojifunga kwa kuzungusha, na waya wa spika ya kulia unapita ndani ya ukanda wa kichwani. Tundu lina sehemu tatu, kwa hiyo hakuna waya wa nje utakaozifanya kuwa za balansi; lazima kikombe kifunguliwe. Meze 99 Classics zina tundu la milimita 3.5 kila upande, na hizo zinakubali balansi bila kuguswa. HD 25 za Sennheiser zina pini mbili kila upande. DT 770 Pro za Beyerdynamic zina waya usiochomoka.

Kipenyo kikilingana bado hujamaliza. Matundu mengi yamezama ndani ya kikombe, na jeki yenye shingo nene haifiki mwisho. Inagusa nusu, halafu upande mmoja unakatika ukigeuza kichwa. Pima kipenyo cha shingo ya waya wa asili na kina cha shimo. Pia hedifoni mbili zenye tundu la milimita 3.5 kila upande zinaweza kuwa na mpangilio tofauti ndani: moja inatumia ncha na shina, nyingine inatumia pete. Multimita itakuambia kwa dakika moja.

Kwa hedifoni za Bluetooth zenye waya wa akiba, tafuta kwanza kama zinalia zikiwa zimezimwa. Zisipolia, mara nyingi sauti inayoingia kwa waya inageuzwa tena kuwa dijitali ndani na kupitia amplifaya yao wenyewe. Waya wa fedha hapo hauna kazi yoyote.

Sifa ambayo ningeilipia kwenye waya ni tabia yake ya kimwili. Waya mgumu, hasa uliofunikwa kitambaa, unapitisha kila msuguano wa shati moja kwa moja hadi kikombeni, na kwa kuwa kikombe kimezibwa kinaitoa kama ngoma. Waya laini wa mpira wa silikoni au PVC nyororo, wenye kibanio cha kuushikiza kwenye nguo, unaondoa kelele hiyo. Uzito nao: nyuzi nane zilizosukwa zinavuta kikombe chini na kufungua upenyo chini ya sikio. Tutaona kwa nini hilo ni baya.

Kutengeneza waya mwenyewe

Kwa waya wa mita 1.2 unahitaji nyuzi nne za geji 26 au 28, kila moja mita 1.5, kwa sababu kusuka kunakula urefu; jeki moja ya kifaa, jeki mbili za vikombe, mirija ya plastiki inayobana ikipashwa moto, na waya wa kulehemu wa bati na risasi 63/37, unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi. Pasi ya kulehemu iwe kama nyuzi joto 350. Usijaribu kutumia tena waya wa asili uliokatika kama ndani una nyuzi za nailoni zilizozungushiwa utepe wa metali. Nailoni inaungua na lehemu haishiki. Nyuzi zenye rangi ya vanishi kila unywele mmoja nazo zinadanganya: zinang'aa kama shaba tupu lakini hazipitishi umeme mpaka vanishi iungue. Zishikilie ndani ya tone kubwa la lehemu kwenye nyuzi joto 400 hivi mpaka moshi ukome na ncha zigeuke rangi ya bati.

Ingiza gamba la jeki na mirija kwenye waya kabla ya kulehemu chochote. Kila anayeanza husahau, na dawa ni kukata na kuanza upya. Halafu chomeka jeki kwenye tundu la zamani lisilotumika kabla ya kuipasha: plastiki inayotenganisha pete huyeyuka haraka, na tundu hilo linazishika pete mahali pake huku likinyonya joto. Paka bati kwenye waya na kwenye kipande cha jeki kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa sekunde mbili. Lehemu iliyokaa kama kitone cha duara chenye rangi ya majivu haijashika. Pasha tena kwa flaksi kidogo, ile dawa inayosafisha metali ili lehemu ishike. Unywele mmoja uliochomoza kutoka ncha hadi pete unatosha kuunganisha pande mbili, kwa hiyo kagua kwa lenzi kabla ya kufunga gamba.

Suka nyuzi nne hadi zibaki sentimita 35 hivi, gawanya jozi, funga mrija pale zinapoachana. Kwa jeki ya kawaida, hasi mbili zinakutana kwenye shina la jeki tu, na hapo ethi ya pamoja imekwisha kwa vitendo bila kununua balansi. Ukimaliza, piga rekodi ya mono. Sauti ikikaa katikati ya kichwa na besi ikiwa imejaa, umepatia. Ikitawanyika huku besi imekonda, umegeuza chanya na hasi upande mmoja.

Kwa hedifoni za waya usiochomoka, kama DT 770 Pro, wengi hutoboa kikombe na kuweka tundu. Ondoa spika kabisa kabla ya kutoboa, au ifunike pande zote kwa selotepu. Chembe za chuma zinaruka kwenye sumaku, zinapenya hadi kwenye kiwambo, na baada ya hapo kila besi inakuja na mkwaruzo ambao hautoki. Unapolehemu kwenye vituo vya spika, ncha ya pasi nayo huvutwa na sumaku, kwa hiyo ishike imara na usizidishe sekunde mbili. Nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele. Mwisho ziba kwa silikoni ukingo wa tundu jipya kutokea ndani. Kikombe kinachovuja si kilekile tena.

Besi inakaa kwenye mito

Kuvuja ndiko kunakotawala sauti ya hedifoni hizi kuliko kitu chochote kilichotajwa hadi sasa. Besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na sikio. Mkono wa miwani, nywele nene, sponji iliyobonyea au ngozi iliyopasuka inafungua upenyo, na desibeli nyingi za besi zinatoroka. Jaribio lake halihitaji kifaa: piga toni ya hezi 40 kwa sauti ya wastani, kisha bana vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikipanda sana, hedifoni zako zinavuja, na hakuna waya utakaoizuia.

Mito mipya, ile inayozunguka sikio, ndiyo inayofaa kununuliwa kwanza. Ila usiinunue kwa ulaini pekee. Ya mahameli inapumua, kwa hiyo inapunguza besi ukilinganisha na ya ngozi. Mito minene kuliko ya asili inasogeza spika mbali na sikio na kubadilisha sauti za juu, wakati mwingine kwa uzuri, mara nyingi kwa kuacha shimo. Ukitaka sauti iliyokusudiwa na mtengenezaji, chukua kina kilekile na ngozi ileile. Wakati wa kuvalisha, hakikisha mdomo wa mto umeingia kwenye mfereji mzunguko mzima. Sentimita moja iliyobaki nje ni upenyo tosha.

Ndani ya kikombe kuna nafasi ya kucheza. Plastiki tupu inarudisha sauti kutoka mgongoni na kuzifanya sauti za kati zisikike kama zimo ndani ya debe. Pamba ya poliesta iliyotandazwa bila kubanwa, ikijaza theluthi ya chumba, inapunguza hilo. Zidisha na besi itaanza kukauka. Matundu madogo yaliyoachwa kwenye kikombe au nyuma ya spika yana kazi ya kupima besi. Yakizibwa kwa selotepu sauti inageuka mara moja, na bahati nzuri selotepu inabanduka.

Kisha ikwalaiza, ambayo haigharimu kitu. Utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wakiwa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, ulioanza kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulionyesha kwamba wasikilizaji wengi hupenda hedifoni zinazokaribia sauti ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, besi ikiwa imeinuliwa. Ukiinua besi kwa desibeli 4 chini ya hezi 105, shusha sauti yote kwa desibeli 4 kwenye ikwalaiza hiyohiyo, la sivyo vilele vya muziki vitakatwa na utalaumu spika.

Anayetaka kujua kama waya wake mpya unasikika anaweza kujipima. Piga toni ya hezi 200, pima volti za AC upande wa kikombe kwa kila waya, hedifoni zikiwa zimeunganishwa, na sawazisha hadi zisitofautiane zaidi ya asilimia 1, ambayo ni kama desibeli 0.1. Halafu mtu mwingine akubadilishie mara 16 bila wewe kuona, akirusha sarafu kila mara. Ukitaja sawasawa mara 12 au zaidi, uwezekano kwamba ulibahatisha uko chini ya 4 katika 100. Ukipata 8 au 9, fedha za waya huo zingetosha mito mipya na zingebaki.